Toa Mawe Kwanza

Kasiva hakuwa mtu wa kinyaa cha kujifanya. Alikuwa na diploma ya upishi, na kazi yake ilikuwa kusimamia jiko la kantini ya kiwanda. Huko alishakuta panya mfu ndani ya debe la mafuta. Alishamshika mpishi akifuta mwiko kwa soksi. Yote aliyamaliza kwa glavu, maji moto na maneno makavu, kisha akaketi akala chakula chake cha mchana kama kawaida.

Lakini tumbo lisilotishwa na panya lilikuja kushindwa na redio ya mama mkwe.

Susu, ndivyo mjukuu wake Tiffany alivyomwita bibi yake na ndivyo wapangaji wote wa ploti yao walivyokuja kumwita, alitoka Mwingi kuja Nairobi kutibiwa macho. Alifika kwao mtaa wa Tena na mizigo miwili ya maana: mfuko wa ndengu za shamba lake mwenyewe, na redio. Ndengu zilikuwa nzuri, kijani kinachong'aa, ila zilipurwa chini kwenye udongo, kwa hiyo zilikuja na mawe yake. Siku ya pili tu Tiffany aliuma jiwe, kach, meza nzima ikasikia. Tangu hapo wimbo wa Kasiva ukawa mmoja: "Mwaitu, toa mawe kwanza." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na Kasiva hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa neno jingine, hata siku alizotamani.

Redio nayo ilikuwa na mawe yake. Susu hakujua neno betri wala hakulihitaji. Kwake, kama kwa watu wengi wa rika lake, yalikuwa mawe ya tochi na mawe ya redio, basi. Waya wa umeme wa ile redio ulitafunwa na panya zamani, hivyo iliishi kwa mawe manne, na ilikula kuliko mtu. Alfajiri iliomba. Mchana ilihubiri na kuimba. Na ilipofika saa ya matangazo ya vifo kwa Kikamba, hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya.

"Nisiposikia nani amekufa," Susu alisema, "nikirudi nyumbani si nitaaibika? Nitamuuliza mtu habari za mume wake, kumbe ameshazikwa!"

Kasiva alinunua mawe mapya. Yakaisha. Akanunua mengine. Yakaisha pia. Yaliyoisha hayakutupwa, Susu aliyahifadhi ndani ya soksi kuukuu chini ya mto. Kwake, kitu kilichokufa ni kile kinachonuka, na mawe haya yalikuwa bado hayanuki.

Yalikuja kunuka. Nzivo, mume wa Kasiva, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kabla hajaondoka kuelekea Malaba alipitia Kariobangi akarudi na chaja ya betri. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, nyepesi kama kiberiti, na taa nyekundu inayokonyeza.

"Mwenye kibanda ameapa inachaji kila aina," Nzivo alisema. "Hata haya ya kawaida."

"Haya ya kawaida yameandikwa yasichajiwe. Soma hapa mgongoni."

"Nyinyi watu wa diploma! Yameandikwa hivyo ili ununue mengine."

Akaitia mawe mawili ya soksini, akaichomeka juu ya friji, kando ya mkate, akaenda zake Malaba.

Kesho yake Kasiva alikuwa akimsuka Tiffany aliposikia sauti kutoka jikoni, sssss, kama mtu anayempigia paka. Kisha ikaja harufu: samaki wa juzi na mpira unaoungua, pamoja. Juu ya friji mawe mawili yalikuwa yamevimba matumbo, moto wa kuunguza, na katika kitako cha moja lilitoka povu la rangi ya kahawia, zito, likining'inia kama kamasi ya mtoto mwenye mafua. Lilivutika, likavutika, likakatika, likatua juu ya mfuko wa mkate.

Kasiva alizima swichi ya ukutani. Aliyabeba yale mawe kwa koleo la jikoni mpaka kwenye mkebe wa mchanga. Mkate aliutupa, koleo akalitupa, na chaja ikafuata. Kisha akasimama mbele ya kochi la Susu.

"Mwaitu, nisikilize vizuri. Mawe yakifa, yamekufa. Yanazikwa. Hakuna jiwe linalofufuka ndani ya nyumba hii."

"Nimesikia," alisema Susu, kwa sauti ya mtu aliyesikia na asiyekubali.

Ufufuo ukaendelea chini kwa chini. Kasiva alikuta mawe yameanikwa juani dirishani, yamelala sambamba na soksi za shule. Akayatoa. Akakuta mengine yana alama za meno, kwa sababu Susu aliamini jiwe ukiliuma kiunoni linashtuka na kuamka. Siku moja walikuwa wanakunywa chai, Susu akainua mkono kuchukua andazi, na jiwe likaponyoka kutoka kwapani alikolitia joto. Likatumbukia kikombeni, tumbwi. Susu akalitoa kwa kijiko, akalipangusa kwa leso, akalirudisha kwapani. Kisha akainywa ile chai. Yote. Na mwishoni akalamba sukari ya chini.

Kasiva alitoka akaenda kusimama kibarazani. Akampigia Nzivo.

"Mama yako atatuua."

"Vumilia. Na tafadhali usimwaibishe. Unamjua. Ukimwaibisha mbele ya watu atafunga mzigo siku hiyo hiyo, na daktari wa macho anamtaka wiki ijayo. Akirudi Mwingi hivyo, hilo jicho tumelipoteza."

Ilikuwa kweli. Susu angeondoka akipapasa ukuta, na asingerudi. Basi Kasiva akavumilia. Akaweka macho kwenye chakula, vyombo na mdomo wa mtoto, akajiambia kwamba mradi mawe hayagusi hivyo vitatu, kwapa ni la mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kazini. Mifereji ya Tena ilikuwa imekauka tangu katikati ya wiki, na nyumbani ulibaki mtungi mmoja wa maji. Kantini nayo ilikuwa na wageni wa kampuni, wapishi wanagombana, mafuta yanalia. Kasiva aliziba sikio moja kwa kidole akapiga simu.

"Mwaitu, umeweka ndengu?"

"Bado. Maji ndiyo yanachemka."

"Na mawe je?"

Susu alishusha sauti. "Nani amekuambia?"

"Aniambie nini, Mwaitu? Kwani mimi siyajui mawe yako? Toa mawe kwanza, ndiyo uweke ndengu. Sawa? Yote uyatoe."

"Yote?"

"Yote! Libaki hata moja, Tiffany avunje jino? Na maji usimwage. Umesikia? Hayo maji tulinunua kwa mkokoteni. Tumia hayo hayo."

"Hayo hayo," Susu alirudia polepole.

"Hayo hayo, Mwaitu. Acha nikimbie, huku vitunguu vinaungua."

Susu akasema kitu kingine, kwa sauti ya kustaajabu, kama "Basi wewe uliyesoma ndiye unajua." Kasiva alikuwa ameshakata simu.

Alifika nyumbani alasiri akiwa na njaa ya mtu aliyepikia wengine. Mlangoni alilakiwa na harufu ya kitunguu na dhania, na redio ikiimba kwa nguvu zake zote. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Susu, aliyekuwa na desturi ya kutokula kabla ya mwenye nyumba, alimvutia kiti akampakulia sahani iliyojaa.

Ndengu zilikuwa zimeiva ajabu. Hazikuwa punje tena, zilikuwa uji. Juu yake palikuwa na povu dogo linaloteleza, na mchuzi ulikuwa umebadilika rangi, kijani cha maji ya bwawa. Kasiva alichota kijiko, akameza kwa sababu ya njaa, akachota cha pili. Hapo ulimi ukamwambia, ngoja. Palikuwa na ladha ya sabuni ya kipande. Nyuma ya sabuni palikuwa na ladha nyingine, ya sarafu iliyoshikwa na watu wengi.

"Mwaitu, umetia magadi?"

"Magadi ya nini? Zimelainika zenyewe. Hata mimi nimeshangaa, hazikukaa motoni."

"Na redio imepona?"

Susu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesamehewa. "Mawe yameamka! Si ulisema mwenyewe niyatoe? Nimeyatoa yote."

Kijiko cha Kasiva kilisimama hewani.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa sufuria. Yalikuwa yanachemka vizuri. Nilitaka kukuficha, lakini ukapiga simu na kumbe unajua. Ukasema niyatoe ndiyo niweke ndengu. Nikayatoa, nikaweka."

"Maji, Mwaitu. Maji ulifanya nini?"

"Si ulisema nisimwage?"

Wanawake wawili walitazamana juu ya sahani ile. Redio iliimba. Kasiva aligeuza macho polepole kuelekea dirishani, na hapo, juu ya kisahani cha vikombe vya wageni, akayaona mawe mengine manne, akiba ya soksini, yaliyokosa nafasi ndani ya redio. Makaratasi yalikuwa yamevuliwa na maji kama ngozi ya kidonda. Moja lilikuwa limepasuka chini na kutoa unga mweupe uliogandamana, na pembeni ya unga palikuwa na ute mweusi. Nzi alikuwa ameufikia. Hata yeye alitembea juu yake mara moja, akaondoka.

Kasiva alifika kwenye sinki kwa hatua asizozikumbuka. Alitema. Akafuta ulimi kwa kitambaa cha vyombo, akagundua ni kitambaa cha vyombo, akatema tena. Alisukutua mara nyingi kwa maji ya thamani ya mkokoteni bila kujali. Kila alipodhani ameimaliza, ile ladha ilirudi kutoka nyuma ya magego, sabuni na sarafu. Na pamoja nayo yakarudi yote aliyoyameza kimyakimya siku zile: meno, kwapa, kikombe, sukari ya chini.

"Nani mwingine amekula?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna. Mimi nilikungoja wewe."

"Tiffany?"

"Tiffany na ndengu? Tangu aume jiwe, huyo angekula viatu kwanza. Nimemtuma tu na hotpoti kwa yule msichana aliyejifungua. Warigia. Nimemjazia mpaka juu, maskini, ananyonyesha."

Kasiva alichukua jiwe moja kutoka kwenye kisahani kwa mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akatoka mbio.

Aliteremka ngazi na kandambili mbili zisizofanana. Chini, Mbugua mlinzi wa ploti aliinuka kwenye kiti chake.

"Niaje Mama Tiffany, kuna moto?"

"Umemwona Tiffany?"

"Amepita saa hizi na hotpoti. Imenukia poa, nikamwambia anigawie, akakataa. Huyo mtoto ni mchoyo, si unajua?"

"Mungu amekupenda," Kasiva alisema, akampita.

Warigia alikaa ploti ya jirani, chumba cha chini. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Warigia alikuwa kitandani na mtoto kifuani, sahani mapajani, kijiko mdomoni. Kando yake alikaa Waruguru, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti pana zaidi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika upawa kujipakulia. Tiffany alikuwa sakafuni akiangalia vidole vya mtoto.

Kasiva hakubisha hodi. Aliiondoa sahani mapajani mwa Warigia, akaunyakua upawa, akafunika hotpoti na kuikumbatia.

"Haiya!" Waruguru alipiga kofi paja lake. "Mama Tiffany! Chakula kikishatolewa kinarudishwa? Mnamletea mzazi halafu mnamnyang'anya mdomoni?"

"Msile. Warigia, umekula kiasi gani?"

"Vijiko kadhaa," alisema Warigia, macho yamemtoka. "Kwani kuna nini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Zimechacha. Neno moja tu, na watu wangekubali, na Susu angebaki Susu. Waruguru alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja jambo la kupeleka kanisani kesho. Kasiva alimwona Susu waziwazi, amefunga leso kichwani, ameshika mfuko wake, anapapasa ukuta wa ngazi kushuka aende Mwingi na jicho lake. Kisha akamwona yule mtoto kifuani, ananyonya, tundu za pua zinapumua.

"Hizi ndengu zimepikwa na mawe," alisema.

Waruguru akacheka kwa dharau. "Mawe tu? Tuache! Mimi nimekula mawe ya maharagwe tangu nikiwa mdogo. Mbona hayajaniua? Lete hapa huo upawa."

"Si mawe hayo. Mawe ya redio."

Waruguru alitazama hotpoti, akatazama mkono wake uliokuwa umeshika upawa, akaanza kuupangusa kwenye sketi, taratibu, kisha kwa nguvu.

"Ati... betri? Mmepika betri?"

"Betri zilizoisha. Zilichemshwa zipate moto tena, zikatoa uchafu wake kwenye maji, na ndengu zikapikwa kwa maji hayo."

"Ngai! Ni nani mwenye akili hiyo? Ni yule mama yenu wa kutoka nyumbani?"

"Ni mimi," Kasiva alisema. "Nilitoa amri kwa simu. Nilisema toeni mawe, wekeni ndengu, maji msimwage. Maneno yangu hayo. Kama unataka mtu wa kumsema kesho, jina unalijua. Sasa tuondoke twende zahanati. Warigia, sukutua mdomo, uteme, usimeze. Usijilazimishe kutapika. Tiffany, chukua shuka ya mtoto."

Warigia alisukutua. Alipomaliza alishika ukingo wa beseni, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilionja sabuni tangu kijiko cha kwanza."

"Mbona basi ukaendelea?"

"Nilidhani ndivyo ndengu za kwenu zilivyo. Nikawa nameza kwa heshima."

Kwa mara ya kwanza siku ile Kasiva alikaribia kutapika na kucheka kwa pamoja, akavimeza vyote viwili.

Zahanati ilikuwa karibu na stendi. Sista wa zamu aliwafungua midomo mmoja baada ya mwingine kwa tochi, akawabonyeza koo, akauliza kama kuna maumivu ya kumeza. Kasiva alimwekea mfuko wa nailoni mezani. Sista aliufungua, akalitazama lile jiwe na unga wake na ute wake, akaufunga tena haraka na kwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameligusa.

"Nimeshaletewa watoto waliomeza betri," alisema akijikausha. "Waliozipika, nyinyi ndio wa kwanza."

Walikuwa na bahati, akasema. Walikula kidogo, na maji yalikuwa mengi. Ulimi wa Warigia ulikuwa mwekundu pembeni, basi. Mtoto hakuwa na neno. Wanywe maji kwa mafunda madogo madogo, walale, na mtu akitapika au koo likiuma warudi mbio bila kungoja asubuhi. Waruguru, ambaye hakuonja hata punje, alidai kuangaliwa naye, akaangaliwa, akaambiwa ana sauti nzuri.

Jua lilikuwa linatua Kasiva aliporudi nyumbani. Nyumba ilikuwa kimya. Redio ilikuwa imekufa tena. Yale mawe yaliyoamshwa kwa gharama yote ile hayakumaliza hata alasiri. Susu alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, leso kichwani, mfuko wake umefungwa miguuni. Habari za ploti hazihitaji mawe, huenda zenyewe.

"Kesho asubuhi nitakwenda," alisema. "Nimewatia aibu. Watasema mwana wa Nzivo analelewa na mwenye kuua."

Kasiva alikaa mbali kidogo. Ukweli ni kwamba bado asingeweza kuishika ile mikono. Aliitazama, kucha zenye mstari mweusi, akaona jiwe, kwapa na kijiko. Huruma ilikuwapo, lakini haikuwa imenawa.

"Hakuna atakayesema hivyo. Nimewaambia mimi ndiye niliyesema."

Susu aligeuza uso wake wenye ukungu wa macho. "Si kweli ulisema?"

"Nilisema."

"Toa mawe, weka ndengu, maji usimwage."

"Nilisema hivyo, Mwaitu."

"Basi hukuwadanganya," alisema Susu, na bega lake moja likashuka. "Mimi nilifikiri, huyu mtoto amesomea mapishi, labda kuna namna. Nami sikutaka kubishana na wewe tena juu ya mawe. Nimechoka kubishana."

"Hata mimi nimechoka. Fungua huo mfuko. Huendi popote kabla ya daktari."

Kisha Kasiva alifanya kazi. Ndengu zilizobaki alizifunga katika mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, mbwa asije akazila. Kisahani cha wageni kilikwenda, kijiko kikaenda, na kitambaa cha vyombo pia. Mawe yote, ya redioni na ya soksini, aliyatia katika mkebe wenye kifuniko ili ayapeleke kwenye duka linalopokea taka za umeme. Hotpoti aliisugua mara nyingi, akainusa, akaitupa. Ilipofika zamu ya sufuria, sufuria nzito aliyopewa siku ya harusi, aliigeuza kifudifudi kibarazani, akachukua msumari na nyundo, akaitoboa kitako. Mbugua alipiga kelele kutoka chini.

"Mama Tiffany! Si ungenipa hiyo!"

"Ndiyo maana naitoboa!" alimjibu, akapiga msumari mwingine.

Jumatatu alirudi kutoka kazini na kikasha. Ndani mlikuwa na betri nne za rangi ya kijani na chaja yake, vyote vya kampuni moja, kutoka duka lenye risiti. Alivipanga mbele ya Susu, akamshika kidole (aliweza sasa, baada ya Susu kunawa) akakipitisha juu ya kila kimoja.

"Haya yametengenezwa yachajiwe. Yanachajiwa kwa hii mashine tu. Si kwa nyingine, si juani, si kwa meno, si kwapani, si kwa sufuria. Yakijaa yanatolewa. Na mashine inakaa hapa chini mbali na jikoni, mtu akiwa macho. Yale ya kawaida yakiisha yanaingia kwenye mkebe, basi."

Susu alilipapasa jiwe moja kwa muda mrefu. Mkono ulianza kupanda kuelekea mdomoni, ukasimama njiani, ukashuka.

"Kwa hiyo yapo," alisema.

"Yapo nini?"

"Mawe yanayofufuka. Wewe uliniambia yakifa yanazikwa. Ukaniambia hakuna. Kumbe yapo, ulijua, na uliniacha na kwapa langu."

Kasiva alichukua jiwe la kwanza akalitia kwenye mashine.

Jicho la kwanza lilitibiwa Alhamisi. Jumamosi Kasiva alikuwa kantini tena, akiwa na simu sikioni na kidole katika sikio la pili.

"Mwaitu, unapika nini?"

"Ndengu. Mtoto anataka chapati, lakini mimi nataka ndengu."

"Sawa. Umetoa ma..."

Neno lilimkwama. Sabuni na sarafu vilipanda kutoka nyuma ya magego, vibichi kama siku ile, na mate yakamjaa.

"Umechagua changarawe?"

Upande wa pili palisikika redio ikitangaza jina la marehemu, na Susu akingoja kwanza alisikie mpaka mwisho.

"Changarawe nimechagua," alisema. "Mawe yako kwa redio. Na maji nimemwaga."